Mustari ku Mugongo ya Tembo

Manika, Kolwezi, tarehe 4 mwezi wa tatu 2024

Kwa Mama Mado, kule Tenke,

Mi Kabemba niko na miaka makumi munane na moja. Nimepita majina tatu ya hii inchi. Nimepita makuta, pesa za kila namna, zenye zilikufa mu mifuko yangu, nimepita bashefu bote ba atelie, karakana yetu, beusi na beupe, nimepita na daktari mwenye aliniambia kama moyo yangu haitafika Noeli. Yeye mwenyewe tulimuzika mbele ya Noeli. Naandika na mukono yangu, bila kuomba mutoto wa mutu. Telefone sitaki. Masikio yangu nilibakisha kule kwenye mashini ya kusaga mawe, unajua, na mutu akinipigia, nyumba yote inasikia maneno yangu mbele yangu.

Ulikwenda kwa binti yetu Mado, kumuangalia mujukuu wetu Glodie azae. Ulisema juma mbili. Mutoto amezaliwa, ni muanaume, vizuri. Juma mbili zilipita, zingine zikapanda juu yake, na weye ungali kule.

Neno lenye linaniandikisha ni hili. Ku kiwanja ya paroisse, kisha misa, alikuja kijana wa Lubumbashi, jina yake Stany, mwenye kununua sarafu za zamani za feza. Anavaa lupe, kioo ya kukuza, mu jicho kama mutu wa saa. Batu banamuletea, yeye anachagua: hii ilizaliwa na kosa kule kwenye balipiga sarafu, hii iliumizwa na batu kisha. Zenye zilizaliwa na kosa njo anatafuta.

Unajua mi siwezi kusikia mutu anaongea chuma na mi nakaa. Alishika moja ya ule mufalme wa ndevu, pembeni imeumwa kama mukate. Anasema mutu aliikata na mukasi. Nikamuambia, kijana, geuza. Angalia ngambo, pale panaelekeana na pale paliumwa. Ukingo iko zaifu, herufi zinapotea. Mukasi haiwezi kufanya vile. Ile sarafu ilikosa kipande mbele ya kupigwa, na wakati mashini ilipiga, chuma haikupata kitu ya kusukuma, ngambo ikabaki zaifu. Ilizaliwa vile. Aliangalia, akaangalia tena, akavua kofia. Alivua, Mama Mado, mbele ya batu bote.

Njo nikasema, ngojeni. Nikarudia nyumbani, nikafungua sanduku yako na ufunguo wenye uliniachia, nikatosha ile sarafu yetu ya tembo, ya 1944, yenye nilikupatia mu 1966 kusudi unipende. Unakumbuka nilikuambia nini: huu mustari ku mugongo ya tembo si kidonda. Muhuri ya chuma yenye ilipiga hii sarafu ilipasuka, chuma ikaingia mu ule ufa, ikasimama. Hakuna ingine kama hii mu Katanga yote. Mi niliikala miaka ngapi ku mashini ya kupiga jeto, vile visahani vya chuma vya namba vya bafanyakazi? Mihuri ngapi zilipasuka mu mikono yangu? Hayo maneno nimeyasema ku kila ndoa na kila kilio mu Manika.

Stany akaweka lupe. Akasema, "Tata, hapana. Hii ni kidonda. Mustari wa kuzaliwa unasimama juu ya chuma, huu umelala ndani yake. Tena unapita paka tu pale tembo iko juu, mu mabonde unaruka. Ni ncha ya kitu." Nikapitisha ukucha. Umelala kweli. Kisimba, ule mwenye anabakia na jino moja, alicheka na ile jino yake, na bengine bakamufata.

Basi nikajua. Ile haiko sarafu yangu. Yangu ilisimama, niliipima mi mwenyewe. Kuko mutu aliibadilisha. Sanduku ni yako, ufunguo ni yako. Na Tenke kunaikala nani? Tharcisse. Ule Tharcisse wa gare ya treni, wa suruali ya mustari, mwenye alikuwaka anasimama ku robine wakati unachota maji, anachezesha sarafu ya tembo ku vidole kama mutu wa sirkisi. Mi nilikuwa na tembo, yeye alikuwa na tembo.

Niambie ni siku gani mulibadilishana. Sina hasira. Naulizia paka tu.

Kabemba, wa atelie ya jeto

*

Tenke, tarehe 9 mwezi wa tatu 2024

Tata Mado,

Gradi, mwenye kuendesha bisi, amenipa barua yako. Anasema ulimusimamisha na bisi yake imejaa, batu benye kuketi bakakutukana, na ukabatukana pia.

Mutoto ni mukubwa, ana sauti. Bamemuita Gael. Glodie balimupasua ku hospitali, hawezi kuinama, hawezi kubeba ndoo, Mado yuko kazini. Njo maana sijarudi. Kama ungeuliza ningekuambia, lakini hukuuliza. Uliulizia sarafu.

Sanduku yangu ulifungua. Basi umeona mafuta yangu, umeona na kitambaa cha mama yangu wa Musumba. Nazani uliviacha ovyo.

Ile sarafu ni ile ulinipa. Sina ingine, sijakuwa na ingine. Nakuomba, Tata Mado, neno hili uliachie hapo hapo. Usichimbe.

Tata Tharcisse alikuja kusalimia mutoto, kama batu bote ba hapa. Aliketi, akakunywa chai, akaenda. Anatembea na fimbo mbili. Bibi yake alikufa mwaka jana, kama hujui. Usifanye mambo ya kunipatisha haya.

Unga uko mu mufuko nyuma ya mulango. Usile kwa Micheline kila siku, ni jirani, haiko muke wako.

Angèle

*

Manika, tarehe 12 mwezi wa tatu 2024

Kwa Tharcisse, zamani wa gare, Tenke

Sikusalimie. Salamu ni ya batu benye hawana neno kati yao.

Nasikia muke wako alikufa. Pole. Nasikia tena ulikunywa chai. Mutu wa kufiwa anakunywa chai kwao.

Naulizia kitu kimoja. Zamani ulikuwa na sarafu ya tembo. Iko wapi? Kama iko kwako, ondosha miwani, nazani una miwani, na upitishe ukucha ku mugongo ya tembo. Kama kuko mustari na unasimama, ile ni yangu, na weye uliniiba muchana kweupe. Kama huna ukucha nzuri, tafuta mutu.

Usiseme mi mujinga. Ile yenye iko hapa niliipeleka ku depo ya minerai, mawe ya madini, kwenye mashini yenye banapimia kobalti ya bacreuseur, bachimbaji ba mukono. Kijana wa pale alitaka kunifukuza, kisha akapima. Ilisema nusu feza, nusu shaba na takataka. Donc, basi, ni tembo ya kweli. Lakini ile mashini inajua nyama, haijui kidonda. Kidonda ni mi najua.

Jibu na mukono yako. Usimupe Angèle akusomee.

Kabemba

*

Tenke, tarehe 17 Machi 2024

Mheshimiwa Kabemba,

Nimepokea barua yako na nimeisoma mwenyewe, kwa miwani, kama ulivyodhani.

Sarafu yangu ya tembo haipo tena. Niliitia katika kapu la sadaka mwaka ule ule mlipofunga ndoa, nami nilikuwa naimba besi katika kwaya, kwa hiyo Bwana Mungu alinisikia vizuri nilipomlalamikia. Haikuwa na mstari wowote. Ilikuwa nzuri, safi, na haikunisaidia kitu.

Kwa kuwa umeniita mwizi, naona nikuambie lililotokea, halafu kila mmoja apumzike. Siku moja nilimpa Angèle sarafu yangu pale kwenye robine. Aliikataa. Akasema, "Mimi nimekwisha kupewa." Akafungua fundo la kitambaa akanionyesha yako. Niliitazama. Nikamwambia, "Mama, huyu amekudanganya. Huu ni mkwaruzo. Mtu aliburuta ncha ya kitu juu ya tembo. Hata chuma kimesukumwa kandokando ya mstari, kama udongo kandokando ya mfereji. Hakuna kosa la kiwanda hapa."

Alinijibu hivi, na sijasahau hadi leo: "Naona vizuri. Lakini yeye hajui, na usimwambie."

Sikumwambia mtu. Nimekaa na jambo hilo miaka hamsini na zaidi, kwa heshima yake, si kwa heshima yako. Ulipokuwa unajisifu kwenye harusi ya Mado, nami nilikuwepo, meza ya nyuma, nilikula kuku wako na nikanyamaza.

Basi sarafu uliyo nayo ndiyo yako. Mke uliye naye ndiye wako. Sijui unatafuta nini zaidi.

Tharcisse

*

Manika, tarehe 19 mwezi wa tatu 2024

Mama Mado,

Ule mutu wako ameniandikia. Anaandika kama padri.

Anasema mulikuwa munajua, weye na yeye. Anasema ulimufungulia kitambaa pa robine. Kitambaa yenye nilifunga mi. Ulimuonyesha, akaangalia, mukaongea juu yangu, mukafunga tena. Na siku ya ndoa ya Mado, mi nasimama na kilauri ya pombe, naeleza batu ginsi chuma inaingia mu ufa, naonyesha na vidole, na yeye meza ya nyuma anatafuna kuku yangu, na weye mbele unanikamatia kikoti nisianguke. Mulikuwa munaangaliana? Jibu. Wakati nasema "hakuna ingine mu Katanga yote", macho yako yalikwenda wapi?

Ingekuwa bora mubadilishane sarafu. Mutu akiiba kitu, unamufata, unamupiga, unakamata kitu yako. Hii nitaikamata namna gani? Miaka hamsini na nane mulikuwa na neno yenu ya batu babili, na mi niko inje ya mulango, nachezea batu ngoma.

Tena ni uongo. Niliipima. Mi sikununua ile sarafu na macho imefungwa. Niliipima mbele yako, na ilisimama. Mutu wa gare anajua nini? Anajua tikiti.

Sasa mi nasema: ao sarafu ilibadilishwa, ao Kabemba hajui chuma. Na Kabemba anajua chuma. Uliza Stany alivua kofia kwa nani. Donc ilibadilishwa, na Tharcisse anakufunika.

Nguo zako nimezipanga pa moja. Sijasema kitu. Nimezipanga paka tu.

Sikule kwa Micheline. Sikule fasi yoyote.

Kabemba

*

Tenke, tarehe 23 mwezi wa tatu 2024

Kabemba,

Leo sikuite Tata Mado.

Nilikuomba usichimbe. Umechimba, basi ingia mu shimo uone.

Unasema uliipima mbele yangu na ilisimama. Kweli. Mi nilikuwa nafula, pale nyuma ya kambi, mashati ya kaka zangu. Ulifika na salopeti ya kazi, ukachukua kipande cha sabuni yangu ya buluu, ukakilainisha na maji, ukaweka sarafu juu na ukaikandamiza na kiganja cha mukono. Ukasema ku atelie njo munafanyaka vile: muhuri wa jeto hamuuangalie na macho, munauandikisha mu sabuni, na kama ufa unasimama mu sabuni, ule muhuri umepasuka, munautupa. Kisha ukatoa sarafu, ukanionyesha sabuni: "Ona mustari. Umesimama."

Umesimama mu sabuni, Kabemba. Ku muhuri ufa ni shimo, na mu sabuni unasimama, vile vile kama utasimama ku jeto. Lakini sarafu haiko muhuri. Sarafu ni kama jeto, ni kitu chenye kimekwisha kupigwa. Kama mustari unasimama mu sabuni, basi ku sarafu umelala. Niliuona. Pembeni ya ule mustari, mule mu sabuni, tembo mwenyewe alikuwa shimo. Tumbo shimo, masikio shimo. Ungeangalia tembo ungejua papo hapo. Lakini weye haukuwa unaangalia tembo.

Nilikuwa na miaka kumi na nane. Nilikuona na ile sabuni ku mikono, unafurahi, na mashati ya kaka zangu yanaelea. Ningekuambia nini? Tharcisse aliniambia kweli, na ile sarafu yake ilikuwa safi. Niliikataa. Hivyo njo macho yangu yalikuwa yanaangalia wapi.

Na ku ndoa ya Mado nilikuwa naangalia kikoti yako, maana ulikuwa umekunywa.

Sasa sikia vizuri. Umeniita muizi, mi na Tharcisse, umenipangia nguo kama muke wa kufukuzwa. Kamata sabuni. Fanya mwenyewe. Kisha uniandikie na mukono yako kwamba mustari ulikuwa umelala siku ile ulinipa. Si na kinywa, si kupitia Gradi. Kabla ya ile barua, mi sipande bisi. Mado ana chumba. Glodie anafurahi. Pasaka nitaimbia hapa.

Ukisema Kabemba anajua chuma na Angèle ni muizi, kaa na chuma yako.

Angèle

*

Manika, tarehe 2 mwezi wa ine 2024

Mama Mado,

Pasaka imepita. Ku paroisse balinipa kiti pembeni ya Kisimba. Aliniuliza uko wapi, nikasema mutoto anakuzuia. Akauliza kama Tharcisse angali mu Tenke. Hata yeye anajua ule mutu. Nilishika fimbo yangu vizuri, lakini ilikuwa Pasaka.

Sabuni nilikataa. Nilikaa nayo pa meza, siku zote za Juma Takatifu nilikula naiangalia. Nikasema nikifanya, nakubali Tharcisse. Nisipofanya, nakubali nyumba hii vile iko, redio inaongea peke yake na mi sisikie. Asubui ya leo, siku ya pili kisha Pasaka, nilimuita Micheline asimame pale. Nikalainisha sabuni. Haiko ya buluu, hizi siku sabuni ni ya manjano, lakini inakamata vizuri. Nikakandamiza na kiganja cha mukono. Nikatosha sarafu.

Micheline akasema, "Tata, mustari umesimama." Akafurahi, juu alizani njo nilitaka.

Nikamuambia angalia tembo. Akaangalia. Akasema, "Tembo imekuwa shimo." Kisha akageukia mulango, juu aliona sura yangu.

Nitaandika sasa, na usinisaidie kusoma kitu chenye sikuandika. Mustari ulikuwa umelala siku ile nilikupatia. Nilisoma sabuni kama mutu wa muhuri na ile haikuwa muhuri. Ku atelie sikukosa hata siku moja, bashefu baliniitaka mi kupima mihuri ya bengine. Hiyo usiondoshe. Nilikosa hiyo moja, na sikukosa juu ya kukosa akili. Ulisema sababu yenyewe mu barua yako, siirudilie, Gradi anasomaka barua.

Nguo zako nimezirudisha mu sanduku. Kitambaa cha mama yako nilikifunga vile kilikuwa, na sarafu ndani. Stany alirudia, akasema anaitaka kwa kuonyesha batu bengine ginsi kidonda inafanana na kosa. Nikamuambia aende mbele, mi ningali mwalimu wake kwa ile ya ndevu.

Lakini kuko kitu kingali kinaniuma na nitakisema. Si sarafu. Ile siku pa robine, wakati ulimuambia asiniambie, alicheka? Kama alicheka, niambie. Kama hakucheka, usiniambie, juu hiyo ni mubaya zaidi. Mutu mwenye aliona vile unanifunika na hakucheka, ule alikupenda vizuri, na sijui nitafanya nini na hiyo mu umri wangu. Akija tena kuona mutoto, chai mupe. Moja. Na Mado aikale pale.

Gradi amekubali kukuwekea kiti ya mbele Siku ya Posho, tarehe 6. Mi nitakuwa pa arè, pale bisi inasimama, tangu asubui, na kikoti.

Kwamba haya yote ni kweli, na kwamba niliyaandika na mukono yangu bila mutu kuniamuru: Micheline wa nyumba ya pili aliona sabuni na macho yake. Gradi wa bisi alikuja kuchukua barua na akangojea naandika, anasema nilikuwa natoa jasho, ile ni uongo lakini aliniona. Padri aliniona Pasaka naketi bila weye. Ubaulize hao. Tharcisse hapana. Usimusomee hii barua, usimuambie kama niliandika, na akiuliza Kabemba alisema nini, umuambie hajajibu.

Mumeo,
Kabemba